Shangazi, nimeanguka mtihani wa EMT na majirani wananiita daktari

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 29, mama wa mtoto mmoja. Kwetu ni Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa sita hapa Columbus, Ohio. Usiku nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee: kuwageuza, kuwaogesha, kuwapima presha. Mwaka jana nilijikaza nikaingia darasa la EMT, yaani mhudumu wa dharura wa gari la wagonjwa, kwenye chuo cha jamii, jioni mbili kwa wiki na Jumamosi kutwa, mtoto akibaki kwa mama mkwe. Darasa nililimaliza. Vitendo nilipita kwa tabu, maana mwalimu alisema sauti yangu haisikiki, na siku moja alinikata alama kwa kutotamka kwamba nimevaa glavu na nimehakikisha mahali ni salama, ilhali glavu zilikuwa mikononi na yeye anaziona.

Ukaja mtihani wa National Registry, shirika la Marekani linalotoa cheti cha EMT. Nilipofika swali la 70 kompyuta ikajifunga. Nilitoka nikicheka, kwa kuwa mwenzangu wa darasani ilimfungia pale pale naye akafaulu. Kesho yake nikafungua majibu: sikufaulu. Shangazi, kitabu nilikisoma mara mbili mwanzo hadi mwisho. Najua vyumba vinne vya moyo na njia ya damu, najua mifupa yote. Ila maswali mengi niliona majibu mawili au matatu yote ni sawa, nikawa nachagua tu.

Shemeji yangu mmoja, zimamoto wa jimbo jingine, anasema shida yangu ni kwamba sijajiona kuwa EMT, ninunue vifaa vyangu mwenyewe nivizoee. Nimeshanunua stetoskopu ya bei kali na buti. Sasa nimeweka kwenye kapu la mtandaoni begi la dharura lenye kila kitu, dola 380. Sijalipia, na mume wangu sijamwambia.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Tangu watu wetu hapa waliposikia nasomea kazi hii, simu haziishi. Majuzi saa nane za usiku mke wa mzee mmoja, jengo la pili kutoka kwetu, alinipigia: mzee anasikia kifua kizito na mkono unamuuma. Nilikimbia na kandambili kwenye theluji. Nikampima presha, nikamsikiliza kifua, nikamuuliza dawa zake, nikawa nafikiri. Zilipita kama dakika kumi na tano ndipo nikasema tupige 911, namba ya dharura ya huku. Mzee yuko hai, amewekewa waya kwenye mshipa wa moyo na amerudi nyumbani. Mkewe kila akiniona ananishukuru. Mimi nikizihesabu zile dakika natetemeka.

Nirudie mtihani, ninunue begi, au niachane na hii kazi?

Mama wa Zamu ya Usiku, Columbus

*

Marahaba mwanangu,

Pole kwa mtihani, na pole zaidi kwa hizo dakika unazozibeba peke yako. Mzee wako ni mzima. Lishike hilo kwanza, halafu tuseme ukweli.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na naona umeniandikia mambo matatu ambayo kwangu ni jambo moja. Kilichokuangusha mbele ya kompyuta ndicho kilichokukalisha sebuleni kwa mzee. Unajua mengi. Hujazoea kuamua kipi kitangulie. Vyumba vya moyo unavijua, na ulipokutana na moyo wenyewe saa nane za usiku ukaanza na kipimo cha presha. Na hilo begi la dola 380 litakuongezea vitu vya kuanza navyo, wakati unachohitaji ni kimoja.

Nieleze kwanza ile kompyuta, kwa sababu naona darasani hawakukueleza ikaeleweka. Mtihani wa EMT una maswali yasiyopungua 70 wala kuzidi 120, na muda wa saa mbili. Ukijibu sawa, unaletewa gumu zaidi. Ukikosa, unaletewa jepesi kidogo. Mashine inatafuta kiwango chako, na inajifunga pale inapokuwa na uhakika wa asilimia 95 kwamba uko juu ya mstari au chini yake. Mwenzako alipofungiwa kwenye 70, ilikuwa imeshaona yuko juu. Wewe ilikuona chini. Nakwambia hivi bila kukupamba ili usiende mara ya pili ukidhani ilikuwa bahati mbaya, au kwamba ulikosa kwa swali moja. Kuna kitu cha kubadilisha, na kinabadilishika. Mimi mwenyewe nilianguka mara ya kwanza, na sasa nina miaka kumi na moja kama EMT kwenye gari la wagonjwa.

Utaratibu unakupa nafasi. Baada ya kuanguka unasubiri siku 15 ndipo urudie. Una majaribio matatu, na yakiisha unafanya mafunzo ya marudio ya saa 24, kisha unapewa matatu mengine. Yote yawe ndani ya miaka miwili tangu ulipomaliza darasa. Kwa hiyo hakuna anayekufukuza. Ingia kwenye akaunti yako usome taarifa waliyokutumia, kila eneo limeandikwa kama uko juu ya kiwango, karibu nacho, au chini yake. Wengi huifunga kwa hasira hawaifungui tena. Ichapishe uibandike mlangoni mwa friji.

Na kitabu chako angalia ni cha mwaka gani. Tangu Aprili 2025 mtihani umepangwa upya. Zamani maswali yaligawanywa kwa mada: njia ya hewa, moyo, majeraha, uzazi. Sasa yanafuata mwendo wa kazi yenyewe: kulikagua eneo na usalama wake, uchunguzi wa kwanza, uchunguzi wa pili, matibabu na usafirishaji, na uendeshaji. Uchunguzi wa kwanza peke yake unabeba karibu maswali manne katika kila kumi. Uchunguzi wa kwanza ni ile dakika ya mwanzo tu: je, damu inamwagika? Anapumua? Mapigo yapo? Anajibu? Sehemu kubwa ya mtihani iko hapo, mwanangu, na wewe umeutumia usiku mzima kwenye mifupa.

Chukua swali la namna hii. Fundi ameanguka kutoka kwenye ngazi, mahali pameshahakikishwa ni salama. Anakoroma, damu inaruka kutoka pajani, mkono umevunjika. Ufanye nini kwanza: umshike shingo, umwekee oksijeni, ubane ile damu, au umfungue njia ya hewa? Yote manne utayafanya. Ndiyo maana uliona majibu yote ni sawa, na hukukosea kuona hivyo. Lakini damu inayoruka inamaliza mtu kabla ya koromo kummaliza. Unabana, unafunga mkanda wa kuzuia damu upande wa nyonga, upana wa vidole vitatu vinne hivi kutoka kwenye jeraha na kamwe si kwenye goti lenyewe, unaandika saa, kisha unamsukuma taya mbele bila kumkunja shingo. Swali halikuuliza kipi ni sahihi. Liliuliza kipi kwanza.

Au bibi mwenye sukari, kipimo kinasoma 42 mg/dL, ukimwita haitiki, mate yanamtoka pembeni. Miongoni mwa majibu kuna jeli ya glukosi, na jicho lako litarukia hapo kwa sababu 42 ni sukari iliyoshuka sana. Asiyeweza kumeza humpi kitu mdomoni. Unamsafisha kinywa, unamlaza ubavu, unaangalia pumzi, unaita wenye uwezo wa kumtundikia dripu. Ujuzi wako wa sukari ndio ungekukosesha swali hilo, kwa kuwa ulisoma namba kabla ya kumwona mtu.

Sasa mazoezi. Wewe una bahati ambayo wanafunzi wengi hawana: kila usiku una wazee thelathini mbele yako. Kuanzia leo, ukifungua mlango wa chumba usiingie mara moja. Simama pale kwa muda wa pumzi tatu zako. Kifua chake kinapandaje? Akikusalimia, anamaliza sentensi au anakatika katikati? Midomo ina rangi gani? Jana alilalia mto mmoja, leo mingapi? Halafu jiambie kwa sauti ya chini: huyu anahitaji kitu sasa hivi, au hahitaji. Ukishaamua ndipo uingie. Fanya hivyo wiki tatu, na uamuzi wa mlangoni utakuja wenyewe, hata mbele ya kompyuta.

Nikwambie nilivyojifunza mimi. Mwaka wangu wa kwanza kampuni iliniweka kwenye safari za kawaida, kupeleka wagonjwa kusafishwa figo na kuwarudisha, kazi ambayo vijana huidharau kwa kuwa haina king'ora. Alikuwepo bibi mmoja, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na viatu vyake vya bluu vya kitambaa. Jumatano moja nikainama kumvisha, kisigino kikagoma kuingia. Jumatatu viliingia. Nikaangalia kitanda, mito ilikuwa mitatu. Nikamuuliza polepole, akakiri kwamba Jumatatu aliomba atolewe mashine mapema kwa sababu alichoka. Maji yalikuwa yamemjaa hadi kwenye mapafu. Safari ile haikwenda kwenye figo, ilikwenda hospitali. Kifaa kilichonisaidia ni kiatu. Ukianza kazi wakikupa safari za namna hiyo, zipokee.

Upande wa sauti, mwalimu wako hakukuonea. Msahihishaji haruhusiwi kuhesabu kilichomo kichwani mwako, na kwenye gari ni vivyo hivyo, mwenzako hawezi kukusaidia asichokisikia. Sisi tumelelewa kwamba binti hapayuki. Naelewa. Lakini hapa kutamka ni sehemu ya tiba. Mlaze mumeo kwenye zulia, mfanye mgonjwa, umchunguze toka mwanzo ukisema kila hatua kwa Kiingereza hadi mtoto wako aikariri.

Na lipo jambo la lugha ambalo vitabu vyao havina, kwa kuwa waandishi si Waswahili. Kwetu mkono ni kutoka begani hadi kwenye vidole, na mguu ni kutoka nyongani hadi unyayoni. Kiingereza kinavigawa, na ripoti ya redioni inataka vigawanywe. Mzee alikuambia mkono unamuuma. Mkono upi, na kutoka wapi hadi wapi? Bega la kushoto kushuka ndani ya mkono ni habari moja. Kifundo kilichoteguka ni habari nyingine. Jizoeze kumwomba mgonjwa aguse kwa kidole. Vivyo hivyo mtu akikuambia "nina presha" anamaanisha imepanda, akisema "nina sukari" anamaanisha ugonjwa, na akisema "moyo unaniuma" pengine ni kiungulia, pengine ndio wenyewe. Siku utakapokuwa kwenye gari na mgonjwa Mswahili, masikio yako yatakuwa na thamani kuliko mitambo mingi. Usione haya na Kiswahili chako.

Begi sasa. Usilinunue. Litoe kwenye kapu leo, kisha mwambie mumeo ulikuwa umeliweka, utalala vizuri.

Kampuni itakupa gari lenye oksijeni, machela, mashine ya kushtua moyo, mfuko wa kupulizia hewa, bandeji, na mara nyingi sare pia. Vya kwako mwenyewe ni vichache: mkasi wa kukatia nguo, saa yenye mshale wa sekunde, tochi ndogo ya kumulika mboni, kalamu mbili kwa sababu moja huibiwa, na buti ambazo umeshazinunua. Stetoskopu ya bei ya kati ingetosha, lakini iliyopo ipo, itumie. Utagundua kwamba ndani ya gari linalokimbia hata ile ghali haisikii kitu. Weka mkono wa mgonjwa juu ya paja lako, inua visigino ubaki kwenye ncha za vidole, mtikisiko wa sakafu usikupande, hapo utasikia. Hilo haliuzwi dukani.

Sababu kubwa zaidi ni hii. EMT hatibu kwa jina lake. Anatibu chini ya daktari msimamizi wa kampuni au idara, kwa miongozo aliyoidhinisha, akiwa na leseni ya jimbo. Hata ukifaulu mtihani wa Registry, hicho ni cheti, na bado unatakiwa kupata kibali cha Ohio ndipo uguse mgonjwa kikazi. Begi la sebuleni halina daktari nyuma yake. Siku utakayomwekea jirani oksijeni yako au kumpa dawa yako, sheria za kumlinda msamaria mwema zinaweza zisikufunike, nawe utakuwa umeiweka rehani leseni ambayo hata hujaipata.

Na vile vifaa vidogo vinadanganya. Kile cha kubana kidole kusoma oksijeni, ambacho najua kimo kwenye begi hilo, hukosea kidole kikiwa baridi, na hukosea chini ya piko na rangi nzito ya kucha. Mkono wa bibi harusi wetu unaweza kukichanganya kabisa. Zaidi ya hayo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa hicho kilisoma juu ya ukweli, kikakosa kugundua upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Kwa hiyo kikisema 94 na mama wa watu anahema na hawezi kumaliza sentensi, mwamini mama. Ada ya kurudia mtihani inazidi dola 100 kidogo. Ilipie kwa pesa hizo hizo, na sehemu nyingine ununue mazoezi ya maswali yaliyotoka baada ya mabadiliko ya 2025.

Nimeacha simu za usiku mwisho kwa makusudi.

Watu wetu hawakupigii wewe kwa kuwa wanakudhani daktari. Wanakupigia kwa sababu wanaiogopa 911. Wanaogopa Kiingereza, wanaogopa bili, wengine wanaogopa gari lenye taa kusimama mlangoni na karatasi zao hazijakaa sawa. Ukiwaambia tu "msinipigie," watabaki na ugonjwa ndani. Kwa hiyo simu pokea, lakini jibu lako la kwanza liwe moja kila mara: "Piga 911 sasa, mimi nakuja." Kifua kizito, pumzi fupi, mdomo kwenda upande, mtu asiyeamka, damu isiyokatika, mama mjamzito anayetoka damu: hakuna swali la pili kabla ya hilo. Kama hawezi kuzungumza, aseme neno moja, "Swahili," na asikate simu. Vituo vingi vina mkalimani wa kwenye laini. Ukifika, kazi yako ni kumkalisha anavyopata nafuu, kufungua mlango na kuwasha taa ya nje, kuzikusanya dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, na kuandika saa maumivu yalipoanza. Mpokea simu wa 911 ndiye atakayesema kama mgonjwa atafune aspirini. Akizimika na hapumui, shuka naye sakafuni ukandamize kifua katikati, kwa nguvu, kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka wenye gari wafike.

Kisha zungumza na imamu wenu au mchungaji, yeyote mwenye watu. Omba nusu saa baada ya ibada uwafundishe haya haya kwa Kiswahili. Usiku wa simu utapungua, nawe utakuwa umerudia uchunguzi wa kwanza mbele ya watu hamsini, kwa sauti.

Yule mzee nenda kamsalimie. Ikiwa dakika zile zinakukaa kooni, mwambie: siku ile nilichelewa kupiga simu, mara nyingine tutapiga kwanza. Mkewe anastahili kulijua hilo, kwa sababu itakapotokea tena pengine wewe utakuwa kazini na yeye ndiye atakayekuwa na simu mkononi.

Kazi hii usiiache. Mtu anayezihesabu dakika zake namtaka kwenye gari langu.

Jambo moja dogo kabla hujaweka tarehe. Linganisha jina lililo kwenye akaunti yako ya Registry na lile la kitambulisho utakachobeba kituo cha mtihani, herufi kwa herufi. Sisi wa majina matatu, bin na binti, na jina la mume lililoingia katikati, tunarudishwa mlangoni kwa hilo. Ukiona tofauti, waandikie sasa wakurekebishie, ndipo uchague siku.

Shangazi